Sura ya Jackson kwenye Kompyuta za Watu

Jackson wa Mama Eliona alizaliwa Kirua Vunjo akiwa na miguu miwili mizima, lakini tangu utotoni alitaka kubebwa. Hayo si maneno yangu. Ni ya mama yake mwenyewe, Mlutheri mcha Mungu ambaye hamsemi mtu ovyo, sembuse mwanawe. Wenzake walipotumwa majani ya ng'ombe, yeye aliumwa tumbo. Wenzake walipochuma kahawa, yeye alisimama kwenye kivuli cha migomba akiwaelekeza namna nzuri ya kuchuma. Alipokua akaenda kubeba mizigo ya watalii mlimani, na baada ya safari moja tu akarudi akitangaza kwamba amepandishwa cheo, sasa ni kiongozi msaidizi. Waliopanda naye wanasema alirudishwa kutoka kambi ya kwanza, kwa kuwa alikutwa amelala ndani ya hema alilotumwa kumsimamishia mgeni.

Mimi nilimfahamu baadaye. Mimi ni fundi cherehani, kwetu Kibosho, na chumba changu cha kushonea kiko Moshi mjini, nyuma ya soko. Jackson alikuja kupanga chumba kilichopakana na changu. Kati yetu palikuwa na ukuta wa ubao mwembamba, hivyo kila alichosema nilikisikia, hata nisipotaka, na mara nyingi sikutaka.

Alikuwa ametoka kwenye kozi fupi ya kompyuta huko Arusha. Alikuja na cheti, miwani ya vioo vitupu, na kibao kilichoandikwa "Jackson Digital: Wabunifu wa Programu". Wabunifu, kwa wingi. Humo ndani alikuwa yeye na kiti.

Siku za mwanzo alikuwa na adabu. "Shikamoo, Mama Vale," ananiamkia kila asubuhi, maana mwanangu wa kwanza ni Valerian. Kazi zake zilikuwa za kawaida: kupiga picha za pasipoti, kuchapa kadi za michango ya harusi, kufuta virusi. Na virusi havikukosekana. Hapa kwetu kila mwenye kompyuta alikuwa na programu za wizi, zilizovunjwa kufuli na mtu asiyejulikana, zikapita kwenye flashi kutoka mkono hadi mkono kama mafua. Watu wanaojua kufunga duka mara mbili na kuachia mbwa uani walikuwa wanaingiza kwenye kompyuta kitu alichowapa mtu wasiyemjua jina, kisha wakashangaa barua zao zimegeuka alama za ajabu.

Jackson alikuwa na dawa. Kule Arusha walifundishwa kwa kutumia programu moja inayoitwa LibreOffice. Inaandika barua, inatengeneza majedwali, inachora vipeperushi, kila ambacho mwalimu au karani anahitaji. Wanaoiandika wametawanyika duniani, wengine wanalipwa na makampuni, wengine wanajitolea tu, na wameiacha wazi: anayetaka aichukue bure, aigawe, aibadilishe, hata akiiuza hawamfungi. Kwangu mimi fundi jambo hilo halikuwa geni. Mshono mpya ukitoka, kila fundi wa Moshi anaukata, na hakuna aliyewahi kufa njaa kwa hilo.

Ninamtendea haki Jackson: mwanzoni alisema kweli. Nilimsikia mwenyewe kupitia ubao akimwambia mwalimu mkuu wa shule moja, "Hii ni bure, mwalimu. Halali kabisa. Nakuwekea, unanipa ya ufundi tu."

"Bure?" mwalimu mkuu akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa nyama iliyolala. "Ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa."

"Basi waliotengeneza wana ugonjwa. Niwekee ile ya kawaida. Ile ya kuvunja."

Na wakaja wengine wa namna hiyo, watu na suti zao, wakichagua cha wizi na kukataa cha halali kwa sababu cha halali hakikuwa na bei. Jioni moja Jackson akaja mlangoni kwangu, akaegemea, akasema, "Mama Vale, nimegundua kitu. Watu hawa hawanunui kitu. Wananunua bei."

"Basi waache na ujinga wao," nikamwambia. "Wewe shika ufundi wako."

Hakuushika, maana hakuwa nao. Alichofanya ni hiki. Ile programu ukiifungua, kabla haijakaa sawa, hutokea picha ndogo yenye jina lake. Jackson aliifuta picha hiyo akaweka yake: yeye mwenyewe, mikono kifuani, miwani usoni, nyuma yake theluji ya Kibo, na chini maneno "Kibo Ofisi, Kazi ya Jackson". Kubadilisha picha, basi. Ni kama mtu kuokota koti la mwenzake na kushonea lebo yake shingoni. Kisha akamlipa mtu Arusha amtengenezee kufuli, kijiprogramu cha pembeni kinachoifunga Kibo Ofisi kila mwaka ukiisha, mpaka mteja aje kulipia upya.

Walimiminika. Yule yule mwalimu mkuu alirudi, safari hii na mhasibu wake, na nilimsikia akisema, "Hii ndiyo kitu. Unaona jinsi inavyofunguka haraka?" Ilikuwa ile ile aliyoinusa na kuikataa. Zikaja shule nyingine, ofisi za parokia, vikoba, na kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa cha huko huko Kirua. Jackson akanunua viatu vyenye ncha. Shikamoo ikakatika. Ikawa, "Vipi, fundi, kazi zinaenda?" Mimi niliyemzidi mama yake mwaka au miwili! Nikawa namjibu kwa kukanyaga cherehani.

Hivyo ndivyo alivyoishi, akibebwa kama alivyotaka, mpaka Hellen aliposhuka mjini.

Hellen ni katibu wa hicho kikundi cha maziwa. Ni mama wa makamo, mtu wa sauti ya chini, na mteja wangu wa siku nyingi. Asubuhi ya mkutano mkuu wa wanachama alifungua kompyuta ya kikundi ili achapishe taarifa ya mwaka, akakuta Jackson anamtazama na mikono kifuani, na chini ya picha: "Muda wako umekwisha." Alipiga simu ya Jackson ikaita bila kupokelewa. Akapanda gari, akaja na kompyuta yenyewe kwenye kikapu, juu yake ametandika kitenge. Chumba cha Jackson kilikuwa na kufuli.

"Mama Vale, yuko wapi huyu?"

"Sijui, mama. Aliondoka mapema amevaa koti, alisema ana mwaliko wa heshima."

Hellen akakaa kwenye benchi langu, akaifungua kompyuta tena, kama vile mtu anavyofungua kabati alilokwisha kuliona tupu. Alikuwa karibu kulia. Wanachama walikuwa wanakusanyika, na maziwa yao ya mwaka mzima yamefungiwa nyuma ya uso wa mtu.

Kwenye benchi hilo hilo alikuwa amekaa Stella, mwalimu wa shule ya msingi Kibosho, akisubiri nimalizie pindo la gauni lake. Akachungulia.

"Dada Hellen, mbona hii mimi ninayo?"

"Umemlipa lini?"

"Nani? Sijamlipa mtu. Niliipakua mwenyewe nyumbani, kwenye mtandao. Ila yangu haina huyu mwanaume."

Akatoa kompyuta yake kwenye mkoba, akaziweka mbili ubavu kwa ubavu. Mimi nikaacha pindo. Stella akachukua mafaili ya Hellen kwa flashi, akayaweka kwenye yake, na taarifa ya maziwa ikafunguka pale pale, nzima, herufi kwa herufi. Hakuna kilichokuwa kimefungwa. Mafaili yalikuwa ya Hellen muda wote. Jackson alikuwa amesimama mlangoni tu kama bawabu aliyejiajiri mwenyewe.

Stella akamweleza Hellen taratibu programu ni ya nani na masharti yake. Hellen alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno moja, "Mae!", ambalo kwetu Wachagga latosha kwa mshangao na hasira. Wakaenda kuchapisha taarifa duka la jirani. Walipokuwa tayari kupanda Kirua, mimi pia nikafunga chumba. Sikuwa na ng'ombe wala shughuli huko. Nilitaka tu kuona.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa usharika. Wanachama wamejaa, mwenyekiti Mzee Aminieli yuko meza kuu na kofia yake ya sufu, na kulia kwake nani? Jackson. Huo ndio mwaliko wa heshima. Mwenyekiti alikuwa amemwalika bila kumwambia katibu, kama mtaalamu, mtoto wa Kirua aliyefika mbali, aje kuzungumza na vijana juu ya ubunifu. Alipomwona Hellen anaingia na Stella akashika miwani yake.

Hellen alisoma taarifa. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya chini, kwamba kuna jambo la ziada: programu wanayoilipia kila mwaka ni ya bure, haikutengenezwa na Jackson, na asubuhi hii ilifungwa kwa makusudi wakati mwenyewe yuko njiani kuja kula pilau yao. Stella akainua kompyuta mbili, moja yenye picha na moja isiyo na picha, akapita safu ya mbele akiwaonyesha. Kila kitufe kilikuwa mahali pake, pacha na pacha.

Ukumbi ulivuma. Nilijisogeza mbele ya kiti changu. Nilifikiri nitamwona mtu akitolewa kwa masikio.

Mzee Aminieli akagonga meza. "Jackson, mwanangu. Umesikia. Unasemaje?"

Jackson akasimama. Alizitazama zile kompyuta mbili. Kisha akavua miwani, akafumba macho kama mtu mwenye uchungu mkubwa, akasema:

"Wazee wangu. Kumbe wameniibia."

Akafumbua macho, akawatazama mmoja mmoja.

"Wazungu wameniibia kazi yangu. Mnaona wenyewe, ni ile ile! Wamefuta picha yangu, wameiweka kwenye mtandao, sasa wanaigawa bure ili waniue!"

Nawaapia, nilingoja kicheko. Palikuwa na walimu wastaafu mle ndani, palikuwa na muuguzi, palikuwa na watu waliosomesha watoto hadi ng'ambo. Hakucheka hata mmoja. Mzee mmoja wa nyuma akasema kwa hasira, "Hata kahawa yetu walitufanyia hivyo hivyo!" na kabla sijajua kinachotokea ukumbi mzima ulikuwa unapiga makofi. Mama mmoja alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya khanga. Mzee Aminieli alimkumbatia Jackson mbele ya watu wote, akatangaza kwamba kikundi hakitakaa kimya, kwamba mpwa wake Ruth ni wakili mjini, na kwamba kesi itafunguliwa.

Hellen alibaki amesimama na karatasi zake. Mtu akamwambia, "Na wewe katibu, badala ya kumtetea mtoto wa kwenu, unaleta propaganda za watu." Hapo nilielewa. Walikuwa wamekwisha kulipa. Kumwamini Hellen kulimaanisha kukiri kwamba walidanganywa na mvivu wanayemjua tangu anaumwa tumbo siku za majani. Kumwamini Jackson kulimaanisha kwamba walinunua kitu kizuri mno hata Ulaya wamekitamani. Nani angechagua la kwanza? Pilau ikagawiwa. Jackson alipewa mfupa wenye nyama.

Wiki iliyofuata Wakili Ruth akaja chumbani kwa Jackson. Ni mwanamke mkavu, hana maneno mengi. Niliacha cherehani ili nisikie vizuri.

"Mjomba amenieleza," akasema. "Kama ni kweli, una kesi. Nionyeshe maandishi."

"Maandishi gani?"

"Ya ndani. Programu huandikwa, si ndiyo? Mistari kwa mistari. Nionyeshe uliyoandika, tupate pa kuanzia."

Nilimsikia Jackson akifungua droo ya meza na kuifunga.

"Yalikuwa kwenye kompyuta iliyoungua," Jackson akasema.

"Hukuweka nakala?"

"Niliweka. Ikaibiwa."

"Iliyoibiwa ni nakala, au ile iliyoungua?"

"Iliungua, halafu ikaibiwa."

Nilisikia kiti kikisogezwa. "Bwana Jackson," Ruth akasema, "mimi hulipwa kusikiliza uongo, lakini huwa umepigwa pasi kidogo." Akatoka. Alipopita mlangoni kwangu alinisalimia kwa heshima, "Shikamoo, mama," kama mtu aliyelelewa.

Baadaye Stella alinieleza jambo lililonifanya nimdharau Jackson upya, nilipodhani dharau yangu imefika kikomo. Maandishi hayo ya ndani, yote, mstari kwa mstari, yako wazi kwenye mtandao. Ndiyo maana ya programu kuwa huria: si bei tu, hata utumbo wake unaruhusiwa kuusoma. Jackson angeweza kuyapakua asubuhi ile ile, akampelekea Ruth kwenye flashi, na uongo wake ungetembea miezi kadhaa zaidi. Hakujua. Alikula kwa kitu kile miaka yote na hakuwahi kusoma kurasa mbili kuhusu kilivyo. Kuna mwizi wa kuku anayebeba tenga akaacha kuku.

Ruth hakumficha mjomba wake. Na kwa kuwa alikuwa wakili, na ana gari, Mzee Aminieli alimsikiliza yeye kwa yale yale aliyokataa kumsikiliza Hellen. Habari zikashuka mjini. Wateja wakaanza kuja wakigonga mlango wa Jackson kwa ngumi. Mwalimu mkuu naye alikuja, ila yeye aligonga kwa upole. Nadhani aliogopa asije akaulizwa ile ya bure aliikataa lini. Jackson alikwisha kuondoka. Alipitia Rombo hadi Tarakea, na sasa yuko pale mpakani na Kenya, anauza makava ya simu na anawaambia watu aliwahi kuwa na kampuni.

Kikundi kilimwomba Hellen aifute picha kwenye kompyuta yao na kuwafundisha wanachama kuweka programu huria nyumbani, kwa ajili ya watoto wanaosoma. Kumwomba radhi hawakumwomba. Hellen na Stella wakatangaza kanisani, kwa Walutheri Kirua na kwa Wakatoliki kwetu Kibosho, kwamba Jumamosi kutakuwa na mafunzo ya bure. Walikuja watu wa kuhesabika, na mmoja wao alikuja kwa kudhani ni mafunzo ya kuku.

Mzee Aminieli akamwita Hellen pembeni. "Katibu, mwanangu, weka kiingilio."

"Lakini meku, mzee wangu, kitu chenyewe ni bure."

"Najua. Weka kiingilio, uyaite warsha."

Hellen hakupenda. Mimi nilimwambia, "Weka, mama. Hujamdanganya mtu, unauza jasho lako la kufundisha, na wenye programu hawakatazi." Akaweka. Jumamosi iliyofuata watu walikosa viti, wakasimama madirishani. Waliandika kila neno. Walitoka wakisema mafunzo ni mazuri sana, tofauti kabisa na yale ya mwanzo. Hellen alifundisha maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, na nguo ile ile niliyomshonea.

Mwisho wa mwezi Mama Eliona alishuka mjini kuchukua vitu vya mwanawe. Vilikuwa meza na kile kiti. Kibao mwenye nyumba alikwisha kukigeuza mlango wa banda. Nilimpa chai, tukakaa. Ni mwanamke aliyechoka bila kulalamika, mikono imepasuka kwa kazi ya kihamba, lile shamba la migomba na kahawa la nyumbani.

"Mama Vale, watu wananiambia unamcheka Jackson."

"Namcheka, mama. Sitakudanganya."

Alikoroga chai muda mrefu, ingawa hakuwa ameweka sukari. "Mimi sijui kompyuta," akasema. "Najiuliza tu. Kwani angesema kweli, kwamba kakichukua kwa watu na wamemruhusu, angepungukiwa nini?"

"Alisema, mama. Mwanzoni alisema. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Wakamwambiaje?"

"Walimuuliza kina ugonjwa gani."

Mama Eliona akaweka kikombe chini. Akafunga kitambaa kichwani, akajitwika kile kiti kimepinduliwa, miguu ikitazama angani, akaniomba nimtafutie mtu wa kumbebea meza hadi stendi.